Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Anayeteremka Muze na familia yake katika gari kuukuu lenye sailensi inayopanda na kushuka, na linalozimika aachiapo mafuta, yumo hatarini. Injini ikizimika mteremkoni, usukani huwa mzito, na kanyagio la breki hukaza baada ya kukanyagwa mara chache.

Wapo mafundi wanaokimbilia kuagiza sensa ya throtoli. Wasihukumu kabla ya ushahidi. Kwanza, kagua mipira ya hewa. Iliyopasuka huvuruga mchanganyiko wa hewa na mafuta. Pili, safisha masizi kwenye kipepeo cha throtoli na vali ya sailensi. Ndipo sensa ipimwe kwa mita: katika magari mengi husoma karibu volti 0.5 kipepeo kikifungwa, na hupanda taratibu hadi kama 4.5 kikifunguka chote. Ikirukaruka au kukatika katikati, ibadilishwe.

Fundi, gari uliloachiwa ni amana. Nawe mwenye gari, usiteremke kabla halijapona.