MTOTO ASILISHWE CHUMVI YA WAZEE

Naomba niseme neno ambalo najua halitawapendeza wote. Wengine watasema, "Mwalimu ameacha chaki, sasa aingia jikoni." Ni kweli naingia jikoni, wala sioni haya, maana jambo ninalotaka kulisema limo chunguni, na sisi wanaume ndio wenye kosa kubwa.

Neno lenyewe ni hili: mtoto mchanga anayeanzishwa chakula asitiliwe chumvi katika chakula chake. Wala jambo hili halihitaji chungu cha pili, wala kuni za pili. Yatosha mama apike chakula cha nyumba nzima bila chumvi, amtolee mtoto fungu lake kwanza, ndipo atie chumvi kidogo kwa ajili yetu wakubwa.

Huku kwetu Bonde twafanyaje? Mtoto akitimiza miezi sita, na pengine hata kabla, hupikiwa uji mwepesi wa mahindi, nao hutiwa chumvi "upate ladha". Akiweza kuketi, baba humpakata jioni wakati wa kula, huchovya kitonge cha ugali katika mchuzi wa papa aliyetoka Tanga, humtia kinywani. Mtoto hukunja uso, watu wote hucheka, na baba husema, "Sasa ameanza kuwa mtu." Mimi nami nalifanya hivyo kwa mtoto wangu wa kwanza, tena nalijivuna.

Lakini ni nani kati yetu aliyeuliza mchuzi ule una nini? Papa yule amekaa siku nyingi bila kuoza kwa sababu ya chumvi aliyopakwa. Akichemshwa, chumvi nyingi humtoka, huingia katika mchuzi. Basi nyama yake, ambayo ndiyo ijengayo mwili, twaila sisi wenye meno, na maji ya chumvi twampa asiye na meno. Tazameni na maharage: twayatia magadi yaive upesi, na magadi yana sodiamu ile ile iliyomo katika chumvi, ijapokuwa ulimi hauiiti chumvi. Siku hizi tena viko vile vipande vya supu vya dukani vilivyofungwa kwa karatasi. Navyo sehemu kubwa ni chumvi. Hivyo mtoto hulishwa chumvi mara mbili na mara tatu katika chakula kimoja, na mama yake aweza kuapa kwamba alitia kidole kimoja tu.

Kipimo chake ni kipi? Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Mtoto asiyetimiza mwaka, waganga wa Uingereza wasema isifike hata gramu 1 kwa siku, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula. Maziwa ya mama na vyakula vyenyewe vina kiasi kinachomtosha, na figo zake bado ni changa, haziwezi kutoa chumvi nyingi kama zetu. Mwaka 2023 Shirika hilo lilitoa mashauri juu ya chakula cha watoto wa miezi 6 hata 23, likakataza wasipewe vyakula vyenye chumvi nyingi wala sukari nyingi.

Najua majibu yatakayoletwa. Nimeyasikia barazani na kisimani.

Kwanza watasema, "Chakula kisicho na chumvi hakina ladha, mtoto atakikataa." Nami nauliza, hakina ladha katika ulimi wa nani? Mtoto huyu kwa miezi sita ameishi kwa maziwa ya mama yake, wala hakuomba chumvi. Ndizi kwake ina ladha, boga kwake lina ladha. Mama huonja kwa ulimi wake mwenyewe, akahukumu kwa niaba ya mtoto. Na mtoto akitema mara ya kwanza, si kwamba amekataa. Chakula ni kigeni. Apewe tena kesho, na kesho kutwa, kwa upole, hata azoee.

Pili watasema, "Chumvi ndiyo nguvu." Hapana. Nguvu ya mtoto yatoka katika nafaka nzito, na mafuta, na maharage, na samaki, na yai, na maini. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wasiotimiza miaka mitano, 30 wamedumaa. Hawakudumaa kwa kukosa chumvi. Magonjwa ya mara kwa mara yana sehemu yake, lakini na chakula hafifu kina sehemu yake, na uji wetu mwepesi ni mojawapo. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji ya uji, hapana nafasi ya chakula. Chumvi huuficha udhaifu wa uji huo, nasi tukadhani tumemlisha.

Tatu, mwenye elimu kidogo atasema, "Chumvi ya dukani ina madini joto, yazuia rovu." Hili ni kweli, wala silipingi. Tangu miaka ya 1990 sheria yataka chumvi ya kula itiwe madini hayo, kwa kuwa watu wengi wa milimani walikuwa na rovu. Lakini mtoto anyonyaye huyapata kwa maziwa ya mama yake. Basi nyumba inunue chumvi yenye madini joto, mama ale kiasi chake, aendelee kunyonyesha hata mtoto atimize miaka miwili au zaidi. Na kama mtoto hanyonyi, mama aulize kliniki.

Nne, na hili ndilo lisemwalo kwa sauti kubwa, "Wazee wetu wamekula chumvi nyingi, nao waliishi." Enyi ndugu, maana ya msemo huo ni miaka mingi, si vijiko vingi! Hapa yanipasa kueleza habari ya nyumbani kwetu. Baba yangu mzazi alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kuume ukafa. Hospitali walimpima, wakaona shinikizo la damu li juu sana, wakamwambia apunguze chumvi. Mama akapunguza. Baba akaisukuma sahani, akasema, "Mwanilisha chakula cha mfungwa?" Baadaye twaligundua kwamba huficha chumvi katika mfuko wa shati, imefungwa kwa karatasi, akijinyunyizia mama akigeuka. Kiharusi cha pili hakikumwacha. Sisemi ni chumvi peke yake iliyomwua. Nasema niliyoyaona kwa macho: mzee mwenye akili, aliyeacha pombe kwa siku moja asiirudie tena, alishindwa kuacha chumvi. Ulimi wake ulikuwa umefundishwa tangu jamvini pa baba yake. Na siku zile zile, mimi mwanawe nalikuwa nikimpakata mjukuu wake, nikiufundisha ulimi mwingine kwa mchuzi wa papa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Nasi twamkunja mtoto upande usiofaa, kisha twashangaa hakunjuki.

Basi tufanyeje? Nitaeleza jinsi tufanyavyo nyumbani kwangu sasa kwa mtoto wetu wa tatu, nanyi mtaona si kazi ya matajiri.

Maharage twayaloweka usiku, tukayamwaga maji, tukayachemsha bila magadi. Yakilainika hutiwa ndizi mbichi zilizomenywa, kitunguu, nyanya na tui la nazi. Vikiiva, mama hupakua fungu la mtoto, huliponda kwa mwiko hata liwe laini na zito, lisimwagike kijikoni. Ndipo chumvi huingia chunguni, nusu ya ile tuliyoizoea zamani. Siku ya kisamvu, hutwangwa sana na kuchemshwa sana, kisha hutiwa karanga safi zilizosagwa. Karanga au mahindi yenye ukungu tusimpe mtoto kamwe, wala tusile sisi. Tukipata samaki mbichi, humtolewa miiba yote, hupondwa pamoja na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa. Papa wa chumvi, hata akilowekwa na maji yakamwagwa, ni wa wakubwa. Mtoto hana sehemu. Na kama chakula chataka ladha, zipo ndimu, tangawizi kidogo, na majani ya giligilani. Mungu hakuumba chumvi peke yake.

Mtoto wa miezi sita huanza kwa vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, huku akinyonya. Akifika miezi tisa hula kama nusu kikombe, mara tatu au nne. Apewe bakuli lake mwenyewe, ili mama ajue amekula kiasi gani.

Neno moja la kuonya, asije mtu akanielewa vibaya. Mtoto akiharisha, ile dawa ya pakiti inayochanganywa na maji ina chumvi, nayo imepimwa. Hiyo ni dawa, apewe upesi kama alivyoagiza mganga, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa. Mama asiikatae kwa ajili ya maneno yangu. Wala mtu asikisie chumvi kwa mkono na kuiita dawa.

Sasa nawageukia wanaume wenzangu. Wake zetu hutia chumvi nyingi kwa kutuogopa sisi. Chungu kikipoa ladha, ni nani anayenuna? Ni nani asemaye mbele ya wageni kwamba mkewe hajui kupika? Basi tukitaka mtoto ale salama, yafaa sisi tuanze kula kwa staha, na kijichumvi kikae pembeni kwa anayetaka kuongeza. Na bibi zetu, ambao kwa upendo huonja uji wa mjukuu wakauona baridi, nawasihi kwa heshima yote: msitie kwa siri. Uji ule haukupikwa kwa ulimi wenu.

Twawatakia watoto wetu wale chumvi nyingi, kama watu wasemavyo, wapate mvi na wajukuu. Chumvi hiyo ni ya miaka themanini. Tusiwalishe yote katika mwaka wa kwanza.

Ni mimi,
Mwalimu wa shule, Bonde.