Kabla ya Kusambaza Linki, Soma Mkataba

Mkulima wa chai wa Chepseon, katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, hahitaji kufundishwa kwamba mzani peke yake hauamui mapato. Majani hupimwa kituoni leo, malipo ya kwanza huja mwezi unaofuata, na bonasi husubiri mwaka wa hesabu ufungwe, kiwanda kikishauza, kikakata gharama na kugawa kilichobaki. Kwa miaka kadhaa wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, na kiini cha malalamiko hayo ni kanuni za hesabu: nani huziandika, na mwenye majani huzijua lini? Inashangaza basi kwamba katika boma hizo hizo wapo vijana wanaojisajili kwa simu kuuza bidhaa za kampuni kwa kamisheni, na kubonyeza kitufe cha kukubali masharti bila kuuliza lolote kati ya hayo. Uwakala wa mtandaoni ni kazi halali na unaweza kulipa. Lakini anayeuanza bila kusoma mkataba ameanza kazi asiyojua mshahara wake.

Tangazo la kuvutia mawakala kwa kawaida hutaja asilimia tu: sambaza linki, mtu akinunua, upate sehemu yako. Mkataba ndio unaoeleza maana ya "mtu akinunua". Chukua mpango wa uwakala wa Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, ulioanza mwaka 1996 na ambao mipango mingi duniani imeuiga. Mteja akibonyeza linki ya wakala, kwa kawaida saa 24 ndizo zinazohesabiwa; akirudi kununua siku ya tatu bila kupitia linki hiyo tena, wakala hapati kitu, isipokuwa kama bidhaa ilikuwa tayari imewekwa kikapuni. Manunuzi ya wakala mwenyewe hayahesabiwi. Mteja akirudisha bidhaa, kamisheni yake hufutwa. Malipo hufuata takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha, na wakala mpya asiyefikisha mauzo matatu ndani ya siku 180 hufungiwa akaunti. Hakuna hila katika masharti hayo, kwani yote yameandikwa. Ila kwa mtu ambaye wateja wake ni majirani wanaofikiria wiki nzima kabla ya kununua redio, saa 24 zina uzito zaidi kuliko asilimia yoyote iliyotangazwa.

Kipengele kizito kuliko vyote ni kile kinachoipa kampuni haki ya kubadili masharti wakati wowote, naye wakala akiendelea tu kutumia linki huhesabiwa kuwa amekubali. Mwezi Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona na watu wakinunua mtandaoni zaidi kuliko awali, Amazon iliwatangazia mawakala wake viwango vipya. Kamisheni ya samani na vifaa vya nyumbani ilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Notisi ilikuwa ya wiki moja hivi. Waliokuwa wamejenga kurasa zao kwa miaka juu ya bidhaa hizo hawakuwa na la kudai, maana mkataba uliruhusu hatua hiyo tangu siku ya kwanza. Na hata anayetaka kushtaki, mkataba wa aina hii huchagua mapema sheria itakayotumika, na mara nyingi huwa ni ya nchi ya kampuni, maelfu ya kilomita kutoka Kericho.

Sheria za hapa nyumbani nazo haziko mbali. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitaja waziwazi kamisheni za mtandaoni miongoni mwa mapato ya maudhui ya kidijitali, na tangu Julai 1 mwaka huo mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 kabla ya kulipwa. Kodi hiyo hukatwa kwenye malipo yenyewe, bila kutazama bando na muda uliotumika. Wala kodi si jambo pekee: mwishoni mwa Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari wakati huo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mikataba kwa desturi humwachia wakala jukumu la kufuata sheria za nchi yake, hivyo linki ya kampuni ya kubeti iliyokuwa halali jana inaweza kugeuka kosa leo, na mwenye kosa akawa yule aliyeisambaza.

Wapo watakaosema kusoma hakufai kitu, kwa kuwa hakuna kijana wa Chepseon atakayeketi mezani na Amazon au duka la mtandaoni la Jumia kubadilisha hata nukta. Ni kweli, mikataba hii ni ya kukubali au kuacha. Lakini kuacha nako ni uamuzi, na kati ya kukubali na kuacha kuna nafasi pana. Aliyesoma anaweza kuchagua mpango wenye muda mrefu wa kuhesabu mauzo, kukataa ule usiolipa mpaka ufikishe kiasi asichoweza kukifikia, au kujiunga na mipango miwili ili mmoja ukibadilika asibaki mikono mitupu. Hayo yote hayahitaji ridhaa ya kampuni.

Wengine watasema kujiunga ni bure, kwa hiyo hakuna cha kupoteza. Hesabu hiyo haijakamilika. Wakala hutoa muda, hununua bando, na juu ya hayo hutumia imani ya watu wanaomfahamu. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, kanisa au chama, linki hufunguliwa kwa sababu ya jina la aliyeituma. Bidhaa ikiwa mbovu, kampuni itatafuta wateja wengine, lakini wakala atabaki na majirani wale wale. Mpango unaodai ada ya kujiunga, au unaolipa kwa kuingiza watu badala ya kuuza bidhaa, ni wa kukimbiwa, kwa kuwa hapo watu ndio wamegeuzwa bidhaa.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya lugha. Masharti huwa marefu, kwa Kiingereza cha mawakili, na si haki kumtwisha mzigo wote mtu anayesomea kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana Bunge lingefanya vyema kuzitaka kampuni zinazosajili mawakala nchini ziweke muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, unaoeleza muda wa kuhesabu mauzo, tarehe na kiwango cha chini cha malipo, notisi ya kubadili masharti, na mahali pa kupeleka malalamiko. Mpaka siku hiyo, mambo hayo manne kila anayejiunga ayatafute mwenyewe, na asipoyaelewa amwombe anayeelewa. Kampuni isiyoyaandika popote haistahili hata linki moja.