Safari ya Unguja: Tusiwafiche Watoto Nusu ya Historia

Likizo inapokaribia, wazazi wengi hapa Singida huuliza wawapeleke wapi watoto wao. Kwa kawaida familia zetu huteremka pwani kwa mambo matatu: harusi, msiba na hospitali. Ni nadra kwenda kwa nia ya kutazama na kuzingatia, ilhali katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Allah (SW) anatuelekeza tutembee katika ardhi na tutazame. Kwa familia ya Kiislamu ya bara, naona mji unaofaa kuanzia ni Mji Mkongwe wa Unguja, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi. Basi hutufikisha Dodoma, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka hapo hadi Dar es Salaam kwa muda wa takriban saa nne. Kutoka bandari ya Dar es Salaam, boti ya mwendo kasi huvuka bahari kwa muda wa kama saa mbili. Wazazi wachukue vitambulisho vyao na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Safari hii ni fursa ya kuwafundisha watoto fiqhi kwa vitendo. Msafiri akishatoka nje ya mji wake, huswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na anaruhusiwa kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hutimiza swala. Vilevile anayeswali nyuma ya imamu mkaazi hutimiza pamoja naye.

Mji Mkongwe hutembelewa kwa miguu, kwa kuwa vichochoro vyake havipitishi gari. Anzeni Malindi, karibu na bandari, mkautazame msikiti wenye mnara uliochongoka kama pia. Piteni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jioni, Forodhani kuna urojo na mishikaki. Tuvae kwa stara, tutoe salamu, wala tusimpige mtu picha bila idhini yake.

Mkipata siku ya pili, pandeni daladala hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Msikiti wa huko una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Mtoto aliyeambiwa kwamba Uislamu ni mgeni wa juzi katika nchi hii ayatazame maandishi hayo kwa macho yake.

Lipo jambo moja ambalo wazazi wengi hulikwepa, nalo ni Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sultan Barghash. Leo pana kanisa kuu la Kianglikana na sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya mchongaji kutoka Sweden. Baadhi yetu husema kuwapeleka watoto hapo ni kuwapa silaha wanaoutukana Uislamu. Mimi naona kinyume chake. Mtoto ambaye habari hii ataisikia kwanza kwa mwenzake shuleni atadhani sisi tuliificha, na siku hiyo hatatuamini hata katika yale tuliyomfundisha kwa haki.

Tumwambie ukweli mzima. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, mlangoni petu. Kwa njia ileile walipita waalimu waliokuja na msahafu, na wakapita wafanyabiashara, Waislamu miongoni mwao, walioondoka na pembe za ndovu na binadamu. Kisha tumfundishe hukumu. Qur'ani imefanya kuwaacha huru watumwa kuwa kafara ya makosa, na ikawawekea fungu katika zaka, kama ilivyo katika Suratut Tawba, aya ya 60. Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imamu Bukhari, mtu anayemuuza aliye huru na kula thamani yake ni miongoni mwa watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Basi waliowateka watu huru wa bara waliivunja dini, hata kama waliswali swala tano.

Nauli ya familia nzima si ndogo. Anayeweza aanze kuweka akiba sasa, na asiyeweza awakusanye wanawe baada ya Isha awasimulie habari hizi, kwani amana ya elimu haisubiri nauli. Allah atuwafikishe kuwalea watoto wetu juu ya haki, ile inayotupendeza na ile inayotuuma. Wabillahi tawfiq.