Wataalamu wa Lishe Wapewe Wodi

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni, kinafundisha shahada ya chakula, lishe na upangaji wa mlo. Jambo hilo lastahili pongezi, hasa za watu wa Visiwani. Chuo hicho, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo Unguja na Pemba, na kwa hiyo mwuguzi wa Mkoani au mwalimu wa Wete aweza kusoma bila ya kuacha kazi yake wala kuhamia Dar es Salaam.

Lakini elimu ya lishe haikamiliki kwa vitabu peke yake. Mwanafunzi hana budi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa "punguza wanga" tu, kisha akarudishwa nyumbani, apunguze kiasi gani? Mtu wa Mbagala ambaye chakula chake ni ugali kwa dagaa, na Mpemba alaye muhogo wa nazi na boflo, hawawezi kupewa karatasi moja ya maagizo. Kuipima sahani ya kila mmoja wao, na kwa bei anayoimudu, ndiyo kazi ya mtaalamu huyu.

Haja ni kubwa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Na Iringa, mkoa wa mahindi, walikuwa zaidi ya nusu! Basi ghala lililojaa si dawa.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Desemba 2017, mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Fedha hizo, hata zikitoka zote, ni za kinga mitaani na vijijini. Haziwafikii wagonjwa waliolazwa Temeke au Mwananyamala.

Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo ombi letu ni kwa wizara mbili. Hospitali za Temeke, Mwananyamala, Mnazi Mmoja na Abdulla Mzee ziwapokee wanafunzi hawa kwa utaratibu unaojulikana, na ikama ya kila hospitali ya rufaa itaje wazi nafasi zao. Mwanafunzi wa Pemba afanyie mazoezi Pemba. Akilazimika kuyafuata Temeke, nauli ya boti na kodi ya chumba zitatoka mfukoni mwake, na ile nafuu ya kusomea nyumbani itakuwa imekwisha.