Kikombe cha Maji Kwenye Mgomba



Hivi karibuni tulikuwa Rugu, wilayani Karagwe, kuwazuru jamaa zetu. Mvua ilikatika kabla ya Alasiri, watoto wakakimbilia shambani, nasi tukawafuata. Mmoja wao alikuwa na kijiti, akichokoa maji yaliyotuama pale jani linapoukumbatia mgomba. Ndani yake alijibanza chura mdogo kuliko kidole gumba.

"Babu, nimtoe?"

"Hapana, mjukuu. Hapo ni kwake."

Jibu hilo linahitaji maelezo. Wengi wetu hudhani kila chura huzaliwa bwawani, kumbe wapo ambao ziwa lao lote ni kikombe cha maji kilichotunzwa na mmea. Katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini imo mimea ya jamaa ya nanasi, iotayo juu ya matawi ya miti mikubwa. Majani yake yamepangika mithili ya bakuli, nayo hukinga mvua. Huko Kosta Rika yupo chura mwekundu, mwenye urefu wa sentimita 2 hivi, atagaye mayai yake kwenye majani makavu ardhini. Dume huyalowanisha yasikauke. Yakianguliwa, mama huwabeba viluwiluwi mgongoni, akapanda nao, akamweka kila mmoja katika bakuli lake. Maji hayo yana chakula haba. Basi mama hurejea mara kwa mara kutaga humo mayai yasiyorutubishwa, yakawa ndiyo posho ya mwanawe. Subhanallah!

Mimea hiyo haioti yenyewe katika misitu yetu, lakini kazi yake hufanywa na mingine. Katika milima ya Uluguru na Usambara wamo vyura wadogo wa jenasi ya Hoplophryne, walioelezwa kitaalamu mwaka 1928 na Thomas Barbour na Arthur Loveridge. Hao huzaa katika maji ya makwapa ya migomba-mwitu na ndani ya mianzi. Mwenye kuufyeka msitu huo amemwaga vikombe vyote kwa mara moja.

Mzazi atauliza: je, maji hayo hayazalishi mbu? Huzalisha. Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, watafiti wa miaka ya 1940 walibaini kuwa mbu wazaliwao katika makwapa ya migomba huweza kuwaambukiza watu homa ya manjano. Hilo si la kupuuzwa, na chanjo ya maradhi hayo ipo. Lakini kumwaga sumu ovyo shambani si tiba. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi yake, hivyo sumu humwingia upesi. Naye akishakua, chakula chake ni wadudu.

Tabibu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua, habari hiyo imo katika Sunan Abi Dawud. Ikiwa haja ya tiba haikuhalalisha kumuua, mchezo wa kijiti utahalalishaje?

Wazazi wenzetu, mtoto akizoea kumhurumia kiumbe asiyeweza kumshtaki kwa yeyote, atamhurumia pia yatima na jirani. Somo hilo halina ada. Mvua ikikatika, mshikeni mkono, mkachungulie pamoja kwenye mgomba, kisha mwache kijiti chini.

Wabillahi tawfiq.