Hesabu mbovu ya mabati inavyowaumiza wanaojenga

NYUMBA zilizosimama bila paa, au zilizoezekwa nusu, ni jambo la kawaida pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Uhaba wa fedha ni sababu kubwa. Hata hivyo, ipo nyingine isiyozungumzwa sana: mabati hununuliwa kwa kukisia.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ukubwa wa paa ni sawa na wa sakafu. Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 8, yaani mita za mraba 96. Upenu wa sentimita 60 kila upande huifanya sehemu ya kufunikwa kuwa mita 13.2 kwa 9.2. Paa la pande mbili lenye mwinamo wa nyuzi 30 hufikia mita za mraba 140.

Kosa la pili ni kulipima bati likiwa dukani badala ya likiwa juu ya papi. Bati la upana wa sentimita 83, likishalaliana na jirani yake, hufunika 76 tu. Katika nyumba hiyo, kutoka upenuni hadi kileleni ni mita 5.3, yanahitajika mabati mawili ya mita 3 yanayopishana, katika safu 18 kila upande. Jumla ni 72, kabla ya kofia na yatakayoharibika. Anayegawa eneo la sakafu kwa eneo la bati hupata 39.

Pengo la mabati 33 hugunduliwa fundi akiwa juu ya kenchi. Mwenye nyumba asiye na akiba humalizia kwa geji 32 paa lililoanzwa kwa geji 28, iliyo nene zaidi. Wengine hupunguza mapishano, na masika ndiyo huwaumbua.

Wakadiriaji majenzi waliosajiliwa wapo, lakini wajenzi wa kipato kidogo huona huduma yao ni anasa. Basi angalau ramani isomwe: vipimo vya upenu na mwinamo huonyeshwa humo. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi nazo zingesaidia kwa kutaka kila ramani iambatane na orodha ya vifaa vya paa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la paa lifunguliwe kabla ya kwenda dukani.