Suruali ya Kijacho: Baba Ashike Futi, Mama Ashike Sindano

Mwezi huu nazungumza na wanaomsubiri kijacho, hasa nyie mlioko Mpanda. Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, vijana wengi wamepangiwa kazi huko, mbali na kwao. Mama mzazi pengine atafika kwa treni ya kutoka Tabora wakati mtoto keshazaliwa. Sasa nguo nani ataziandaa? Nyie wenyewe!

Na kina baba mnisikilize. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama angalau siku 84 za likizo ya uzazi. Baba je? Angalau siku 3. Siku 3 jamani! Hujajua hata kumbeba vizuri, bosi anakusubiri. Ndiyo maana nasema ubaba uanze mapema, na suruali ya kufuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Mama afume, baba apige hesabu. Mkitaka kubadilishana, ruksa.

Mimi napendekeza mfumo wa punjepunje, ule ambao ukiupapasa unasikia vinundu kama mtama. Unafuma kitanzi kimoja kwa mbele, kinachofuata kwa nyuma, hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari. Mstari unaofuata, penye kinundu fuma kwa mbele, pasipo na kinundu fuma kwa nyuma. Uzuri wake, kingo hazijikunji na pande zote mbili zinafanana. Ubaya wake, unakula uzi. Nunueni wa kutosha kwa mara moja, wenye namba moja ya rangi.

Kabla ya yote, fumeni kipande cha majaribio chenye upana wa sentimita 10, kisha mhesabu vitanzi. Tuseme ni 20, yaani viwili kwa kila sentimita. Nyonga za mtoto akiwa na nepi, mfano sentimita 48, zinahitaji vitanzi 96. Suruali ina vipande viwili, mguu mmoja mmoja, kwa hiyo kila kipande kitabaki na 48 kufika nyongani.

Anzeni chini, kwenye kifundo cha mguu, kwa vitanzi 36. Ongezeni kimoja kila upande, kila baada ya mistari minne, mara 12. Mtapata 60. Mguu ukifika sentimita 16, fungeni vitanzi 6 kila upande. Hapo ndipo pa kuunganishia katikati ya miguu. Vinabaki 48. Pandeni sentimita 18 hadi kiunoni, ila upande wa nyuma uzidi kama sentimita 3 kwa mistari mifupi. Msipofanya hivyo, mtoto akikunja miguu, nepi yote nje! Kiunoni wekeni lastiki laini, si kamba ndefu inayoweza kumnasa mtoto.

Na hali ya hewa? Mtoto wa Juni au Julai, usiku wa Mpanda una baridi, sufu laini inamfaa. Wa Septemba au Oktoba, joto limepamba moto, tumieni uzi wa pamba. Ila mkibadili uzi, rudieni kipande cha majaribio, maana hesabu inabadilika.

Mkibishana, mmoja anasema kubwa, mwingine anasema ndogo, futi ndiyo hakimu. Hapo mnajifunza jambo moja muhimu kuliko suruali: kuamua pamoja kuhusu mtoto ambaye bado hamjamwona. Siku baba atakaporudi kazini, nyumbani atakuwa ameacha kitu alichokipigia hesabu kwa mkono wake, na mtoto atakuwa amekivaa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane mwezi ujao, na kina mama vijacho, nawatakia mjifungue salama!